Mwanamume Mwenye Mtungi wa Maji

Siku ya Paska ilipokaribia, Bwana wetu Yezu Kristu aliwatuma Petro na Yoane watangulie mjini Yeruzalemu, wapate kuandaa karamu. Wakamwuliza mahali gani. Hakuwatajia jina la njia, wala jina la mwenye nyumba. Aliwapa alama moja tu: wakiingia mjini watamkuta mwanamume anayechukua mtungi wa maji; wamfuate mpaka nyumba atakamoingia. Wakaenda, wakamwona, wakamfuata. Na katika orofa ya nyumba ile Bwana aliwaachia wanadamu Sakramenti ya Mwili na Damu yake.

Wakristu wengi huyasoma maneno hayo na kuyapita upesi. Lakini mtu wa kijiji huyaelewa vema kuliko mtu wa mji mkubwa. Katika nchi ya Wayahudi, kama katika vijiji vingi vya Kongo, kuchota maji ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana. Rebeka alikutwa kisimani, mtungi begani. Mwanamke Msamaria naye alikutwa kisimani. Bali mwanamume kuuchukua mtungi njiani, mbele ya macho ya watu, hilo lilikuwa jambo la ajabu. Na kwa kuwa lilikuwa la ajabu, lilifaa kuwa alama. Kama wanaume wote wa Yeruzalemu wangalichukua mitungi siku ile, mitume wangalimfuata yupi?

Evanjili haitaji jina la mtu yule. Haisemi kama alikuwa mtumishi, ama mume wa mke mgonjwa, ama baba aliyemhurumia binti yake. Yasema tu kwamba aliuchukua mzigo ambao wanaume wenzake waliuona si wao, na kwa kuzifuata nyayo zake mitume walifika mahali pa Karamu. Kila mkatekumeni na alifikiri jambo hilo. Kwa maana katika nyumba nyingi uko mtungi unaochukuliwa siku zote na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ni msichana.

SIKU MOJA KATIKA NYUMBA MOJA

Tazama nyumba moja ya kijijini. Haina haja ya kutajwa jina, kwani nyumba za namna yake ni nyingi. Mna watoto wawili: mvulana mwenye miaka 12, na ndugu yake msichana mwenye miaka 10. Jogoo wa kwanza awikapo, msichana amekwisha kuamka. Anawasha moto, anafagia uwanja, anashika bidoni na kushuka mtoni. Akirudi, mama anakwenda shambani, na mtoto mchanga anafungwa mgongoni mwa dada yake. Anaosha vyombo, anamenya muhogo na kuuloweka, anatwanga sombe kinuni. Jua likipanda, anatafuta kuni. Jua likishuka, anarudi mtoni mara ya pili. Usiku, wengine wakiota moto na kuzungumza, yeye anasugua sufuria. Kengele ya mafundisho ililia saa 9 alasiri. Aliisikia, mchi ungali mkononi.

Mvulana naye hakulala bure. Asubuhi alikwenda shuleni. Alasiri alichunga mbuzi za baba yake, ama alibeba mkaa mpaka barabara kuu, ama alikwenda machimboni pamoja na rafiki zake apate franka chache. Jioni akiziweka franka hizo mkononi mwa baba, baba husema: «Mtoto huyu anajua kazi.»

Lakini mgeni akifika na kumwuliza msichana, «Mwanangu, wewe wafanya kazi gani?» yeye hujibu, «Sina kazi, baba. Niko nyumbani tu.»

Hapo ndipo penye kosa. Kazi ya mmoja yaitwa kazi, kwa sababu yaonekana na kulipwa. Kazi ya mwingine haina jina. Na kitu kisicho na jina hakihesabiwi. Na kisichohesabiwa hakuna amwoneaye huruma mwenye kukichukua.

KAZI SI UBAYA

Kanisa halifundishi kwamba mtoto akae bila kazi. Mtoto asiyezoezwa kazi huwa mzigo kwa wazazi wake, kisha kwa jirani zake, na mwisho kwa nafsi yake. Bwana wetu mwenyewe alikaa Nazareti akiwatii Bikira Maria na Mtakatifu Yozefu, na watu wa kwao walimjua kuwa seremala. Mikono iliyowabariki watoto na kuwaponya wakoma ilikuwa mikono iliyozoea mbao na shoka.

Lakini Evanjili yaonyesha pia jambo la pili. Alipokuwa na miaka 12 alikutwa hekaluni, ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, nao wakastaajabia akili zake. Kazi ya Nazareti haikumnyima mafundisho. Yozefu alikuwa maskini, naye alihitaji msaada wa mtoto. Hata hivyo alimpeleka Yeruzalemu safari ya siku nyingi, apate kusali pamoja na taifa lake.

Basi, mzazi atatambuaje kazi ya kumlea mtoto na kazi ya kumvunja? Alama ni tatu. Ya kwanza ni nguvu: kazi njema yalingana na umri na mwili wa mtoto, kazi mbaya yaupinda mgongo wake. Ya pili ni saa: kazi njema yamwachia muda wa kujifunza, wa kusali, wa kucheza na wa kulala, kazi mbaya yaila siku yote. Ya tatu ni hatari: kazi njema haimpeleki penye sumu, penye shimo la kuporomoka, wala penye watu wasiomwogopa Mungu. Alama hizo ni zile zile kwa mvulana na kwa msichana. Hakuna mizani mbili mbele ya Mungu.

HESABU YA WATOTO WA DUNIA

Jambo hili si la kijiji kimoja wala la nchi moja. Mwaka 2025 Shirika la Kazi Duniani, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto liitwalo UNICEF, yalitangaza hesabu ya mwaka 2024. Watoto milioni 138, wenye miaka 5 hadi 17, walikuwa katika kazi zisizowapasa watoto. Hao ni wengi kuliko watu wote wa nchi ya Kongo, wakubwa kwa wadogo. Kati yao milioni 54 walikuwa katika kazi za hatari. Milioni 87 walikuwa watoto wa Afrika, kusini ya jangwa la Sahara. Na katika kila watoto 100 wa kazi hizo, 61 walikuwa katika kilimo, mifugo, uvuvi na misitu.

Iko pia habari ya kutia moyo. Mwaka 2000 watoto hao walikuwa karibu milioni 246. Watu wakiamua, mzigo hupungua.

Sasa, kati ya wavulana na wasichana, ni nani wanaofanya kazi zaidi? Mwaka 2020, watoto wa kazi walipohesabiwa kuwa milioni 160, wavulana walikuwa milioni 97 na wasichana milioni 63. Msomaji mwenye haraka atasema: «Kumbe wavulana ndio wenye kuchoka, na wasichana wana raha.» Asiseme hivyo upesi. Hesabu ile ilifuata kazi za kuleta mali: shamba, mifugo, biashara, mgodi, na utumishi katika nyumba ya mtu mwingine. Kupika, kuosha, kufagia, kulea wadogo na kuwauguza wagonjwa katika nyumba ya mtoto mwenyewe hakukutiwa humo. Msichana wa kinu alijibu kwamba hana kazi, na mwenye kuhesabu aliandika kama alivyojibiwa.

Lakini wataalamu walitambua upungufu huo. Katika hesabu ya mwaka 2024 walipoongeza kazi za nyumbani zinazofika saa 21 kwa juma, maana yake saa 3 kila siku, mambo yakageuka: wasichana wakawapita wavulana. Nayo UNICEF ilionyesha mwaka 2016 kwamba wasichana wenye miaka 5 hadi 14 hutumia katika kazi za nyumbani, maji na kuni zikiwemo, muda unaozidi ule wa wavulana kwa 40 katika kila 100. Maana yake, mvulana akifanya kazi hizo saa 10, msichana wa umri wake hufanya saa 14. Saa zile 4 zilitoka wapi? Zilitoka katika masomo yake, katika mchezo wake, katika usingizi wake. Mara nyingi zilitoka pia katika mafundisho yake ya dini.

MZIGO WA MVULANA NA MZIGO WA MSICHANA

Si haki kusema kwamba mmoja ateseka na mwingine hateseki. Kila mmoja ana mzigo wake, na kila mzigo una jeraha lake.

Katika nchi ya Ghana liko ziwa kubwa liitwalo Volta. Huko wavulana wadogo huchukuliwa na wavuvi. Hupiga kasia, huvuta nyavu, na wavu ukinaswa katika miti iliyozama, mtoto hushushwa majini aufungue. Wako wasiorudi juu. Wasichana wa ziwa lile hubaki ufukoni, wakipika, wakiwatengeneza samaki na kuwakausha katika moshi. Kifo cha mvulana kikitokea, kijiji chote hulia. Macho ya msichana yakiharibiwa na moshi mwaka kwa mwaka, hakuna msiba unaotangazwa.

Katika Kongo yenyewe, UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto kama 40,000, wavulana kwa wasichana, walifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa nchi. Huko pande za Kolwezi hutoka kobalti, inayotiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na hupelekwa mbali ng'ambo ya bahari. Wavulana hushuka mashimoni ama hubeba magunia. Udongo ukiporomoka, huwafunika. Wasichana, na wavulana walio wadogo, huokota mawe, huyachagua, huyaosha mtoni, wamesimama majini tangu asubuhi. Wasichana wengine huuza chakula na maji kwa wachimbaji, na huko hukutana na wanaume waovu. Vumbi lile laingia katika vifua vya wote.

Iko na kazi ya tatu, iliyofichwa kuliko zote: utumishi katika nyumba za watu. Mwaka 2012 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria watoto kama milioni 17 katika kazi hiyo. Na katika kila watatu, wawili walikuwa wasichana. Katika nchi ya Haiti huitwa «restavèk», jina lenye maana ya mtoto anayekaa na watu. Mzazi maskini humtoa mtoto wake akiahidiwa kwamba atasomeshwa mjini. Mara nyingi mtoto hulala wa mwisho, huamka wa kwanza, na shule haioni. Jambo hilo si la Haiti peke yake. Mkatekumeni aliye na mtoto wa ndugu yake nyumbani ajiulize: je, mtoto huyu anakula pamoja na watoto wangu, anasoma pamoja nao, ama anawatumikia?

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ni umaskini, wala Kanisa haliwalaumu maskini kwa sababu ya umaskini wao. Mjane mwenye watoto watano, ambaye mto uko mbali na shamba lake liko mbali zaidi, hana budi kusaidiwa na watoto wake. Mungu amjua. Deni la huyo ni juu ya jirani zake pia, na juu ya wakubwa wa nchi wasiochimba visima wala kutengeneza barabara.

Lakini umaskini hauwezi kujibu swali moja. Ikiwa nyumba ni maskini, mbona mtoto mmoja anakwenda shuleni na mwingine hapana? Mbona mtungi wamchagua yule yule kila siku? Hapo si umaskini unaosema, ni desturi. Desturi husema: «Msichana ataolewa, akili yake itawafaa watu wengine.» Husema tena: «Mvulana akishika ufagio, watu watacheka.» Na kwa upande mwingine husema: «Mwanamume hachoki,» na kwa neno hilo mtoto wa miaka 11 hutumwa shimoni.

Kwa desturi hizo Maandiko Matakatifu yana jibu. Musa alipokimbia Misri alifika nchi ya Midiani, akaketi karibu na kisima. Mabinti saba wa kuhani wa nchi ile wakaja kuwanywesha kondoo wa baba yao. Wakachota maji, wakajaza mabirika. Ndipo wachungaji wanaume wakaja wakawafukuza, wapate kuyatumia maji waliyochota wengine. Musa hakusema, «Ni desturi ya nchi hii.» Aliinuka, akawatetea, akashika kamba mwenyewe, akawachotea maji. Na mtu yule aliyewachotea wasichana maji, Mungu alimchagua kuwatoa watu wake utumwani.

Mungu alimwumba mwanadamu kwa mfano wake, mume na mke. Hakuweka nusu ya mfano huo kwa mmoja na kivuli tu kwa mwingine. Kristu alikufa kwa ajili ya roho ya binti kama alivyokufa kwa ajili ya roho ya kijana. Na alipomshika mkono binti wa Yairo, aliyekuwa na miaka 12, alimwinua, kisha akaamuru apewe chakula.

MFANO WA BABA NA BINTI YAKE

Mkatekumeni mmoja alimaliza muda wa mafundisho yake, akaja mbele ya mwalimu kuulizwa. Alizijua amri kumi bila kukosa hata moja. Alizijua sakramenti saba. Mwalimu akafurahi, kisha akamwuliza:

«Baba, watoto wako wangapi?»

«Mwalimu, ni watatu.»

«Hawa wawili wa kiume nawajua, huja mafundishoni kila siku. Wa tatu yuko wapi?»

«Huyo ni msichana, Mwalimu. Amebaki nyumbani. Kuna maji, kuna mtoto wa kulea, kuna muhogo.»

«Aijua Baba Yetu?»

Baba yule akanyamaza. Hakujua kama binti yake aijua Baba Yetu. Siku zote hakuwahi kumwuliza.

Mwalimu hakumkemea. Alimwonyesha tu mtungi uliokuwa pembeni ya kanisa, akasema: «Baba, maji haya ni ya mtoni. Kila mwaka kabla ya Paska wasichana wa kijiji huyaleta kwa vichwa vyao, na Padri huyabariki, na watu hubatizwa. Je, yule anayeyaleta maji asioshwe nayo?»

Baba akarudi kwake. Usiku ule hakulala vema. Alfajiri, binti alipoamka kushika bidoni, akaona haipo. Kaka yake mkubwa alikuwa ameichukua, na baba yake amechukua ya pili. Njiani vijana waliwacheka, na wanawake waliokuwa mtoni wakanyamaza wote kwa mara moja. Kijana akaona haya, akataka kurudi. Baba akamwambia: «Jaza, mwanangu. Maji hayaulizi ni nani aliyeyachota.»

Walipofika nyumbani walimkuta binti amesimama mlangoni, mikono mitupu, kama mtu aliyepoteza kitu asijue ni kitu gani. Baba akatua mzigo wake, akamwambia: «Nenda kanisani, mama. Leo ni zamu yetu.»

Alasiri ile baba alimwendea Padri, akaomba angojee ubatizo mpaka Paska ya mwaka ujao, wapate kuingia kisimani pamoja, yeye na binti yake. Alikuwa ameungoja ubatizo kwa miaka, na moyo wake uliona uchungu. Padri alimtazama kitambo, akakubali.

SHERIA ZA KANISA NA ZA NCHI

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alionya kwamba mtoto asiingizwe katika kazi za viwanda kabla mwili na akili yake havijakomaa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika mafundisho yake ya Januari 2025, aliwakumbuka tena watoto wanaofanyishwa kazi na kutendewa mabaya.

Mataifa nayo yalifanya mapatano. La mwaka 1973 liliweka umri wa kuanza kazi. La mwaka 1999 lilikataza kazi mbaya kabisa kwa kila aliye chini ya miaka 18. Nalo mwaka 2020 lilikwisha kukubaliwa na nchi zote za Shirika la Kazi Duniani. Kongo ilikubali mapatano yote mawili mwaka 2001, na Januari 2009 ikatoa sheria yake yenyewe ya kumlinda mtoto. Tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuondoa malipo ya masomo katika shule za msingi za umma. Madaftari na nguo vyabaki kwa wazazi. Lakini mzazi asitoe tena malipo hayo kuwa sababu ya kumpeleka kijana na kumwacha binti.

Hata hivyo hakuna askari wa sheria anayeingia jikoni. Huko anaingia Mungu peke yake, na dhamiri ya mzazi.

MASWALI NA MAJIBU

Je, ni dhambi kumtuma mtoto kazi?
Si dhambi, ikiwa kazi yalingana na nguvu zake, na yamwachia muda wa kujifunza na wa kusali. Ni dhambi kumtwika mzigo wa kumwumiza mwili au roho.

Amri ya nne yawaamuru watoto tu?
Hapana. Yawaamuru watoto kuwaheshimu wazazi, na wazazi kuwalea watoto wote kwa haki, bila kumpendelea mmoja na kumsahau mwingine.

Je, mvulana akichota maji na kuosha vyombo, apungukiwa heshima?
Hapungukiwi. Atakuwa mume mwema, kwa sababu ameujua uzito wa kazi ya mke wake kabla ya kumwoa.

Je, yatosha kumpumzisha msichana na kumtwika mvulana yote?
Haitoshi. Mzigo ugawanywe, nao wakubwa wachukue sehemu yao. Mtoto yeyote, wa kiume au wa kike, asipelekwe machimboni.

Nyumba maskini yaweza kuanzaje?
Yaweza kuanza na saa moja. Wazazi wachague saa ya shule na saa ya mafundisho, na katika saa hizo mtoto yeyote asitumwe. Kaka na dada wapeane zamu ya maji. Jirani wawili wapeane zamu ya kulea watoto wachanga. Wazee wa kijiji washauriane juu ya kisima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jioni, kabla ya sala, baba na mama wajiulize neno moja: leo ni nani nyumbani mwetu aliyechoka, wala hakuna aliyemwona?

Evanjili haisemi maji ya mtungi ule yalitumiwa kwa kazi gani. Lakini yasimulia kwamba usiku ule, katika karamu ile, Bwana aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akamimina maji katika bakuli, akapiga magoti mbele ya rafiki zake na kuwaosha miguu kama mtumishi. Petro aliona haya, akataka kukataa. Bwana hakumruhusu. Alimwambia kwamba asipooshwa hana fungu pamoja naye. Na alipokwisha aliwaamuru wote watendeane vivyo hivyo.